Daraja, mashua, nyumba au chukudu: zoezi gani la uhandisi linafaa darasa lako la msingi hapa Goma?

Mwalimu wa shule ya msingi anayetaka watoto wake wabuni na kujenga kitu kwa mikono yao hukuta maelekezo tele kwenye intaneti, na karibu yote yameandikwa kwa ajili ya darasa la watoto ishirini na kabati lililojaa vifaa. Madarasa yetu yamefurika tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019. Watoto wanabanana kwenye benchi, na kabati lenyewe halipo. Kwa hiyo nimechukua mazoezi manne ninayoyajua kwa kuyafanya na watoto, pamoja na la tano ambalo watu huliulizia sana, nikayaweka bega kwa bega ili mwalimu au mzazi achague bila kupoteza Jumamosi yake.

Nina kipimo kimoja kinachotangulia vingine vyote. Je, mtoto atapata nafasi ya kujaribu kitu chake, akione kikishindwa, akirekebishe, halafu akijaribu tena siku hiyohiyo? Jumba la makumbusho ya sayansi la Boston, Marekani, lilianzisha mwaka 2003 mpango wa kufundisha uhandisi katika shule za msingi, likaupanga kwa hatua tano: uliza, waza, panga, tengeneza, boresha. Hatua nne za kwanza walimu wetu huzifanya vizuri. Ya tano ndiyo hukatwa, kwa sababu saa imekwisha na darasa la mchana limeshafika mlangoni. Ikikatwa, kinachobaki ni mashindano: kundi moja limeshinda, na watoto wengine wote wamerudi nyumbani wakiamini kwamba wao si watu wa kutengeneza vitu. Hilo ni kosa kubwa kuliko kutofanya zoezi lolote.

Ndiyo maana kabla ya kuchagua napenda mwalimu apige hesabu ya foleni. Darasa la watoto 60 ukiligawa kwa watanowatano unapata makundi 12. Kila jaribio likichukua dakika 2, na kama kuna sehemu moja tu ya kujaribia, kuyapitisha makundi yote mara moja ni dakika 24. Ongeza muda wa kueleza, kupanga na kujenga: saa imeisha na hakuna aliyerudia. Weka sehemu tatu za kujaribia, zile dakika 24 zinakuwa 8. Zoezi ambalo huwezi kuliwekea sehemu tatu, kwa darasa kubwa liache, hata likiwa zuri namna gani.

Jambo la pili la kutayarisha mapema ni uzito. Maelekezo ya Wamarekani husema uongeze sarafu moja baada ya nyingine mpaka kitu kianguke. Sisi pesa yetu ni noti, sarafu mtoto hazijui. Mawe ya lava yapo kila kona, lakini yanadanganya: moja lina matundu tele ndani na ni jepesi, lingine la ukubwa uleule ni zito mara mbili. Mizani ya bure tuliyo nayo ni maji, maana mililita 1 ya maji ina gramu 1. Nunua sindano za plastiki za mililita 10 kwenye duka la dawa, mpya, utupe ncha zake kabla hujaingia darasani. Mtoto akimimina sindano saba anajua ameweka gramu 70, na anaiandika namba hiyo yeye mwenyewe.

Nikiulizwa jibu la haraka: kwa darasa kubwa lenye siku moja tu, mashua. Kwa shule isiyo na hata franka ya vifaa, daraja la karatasi. Kwa darasa la tano na la sita lenye wiki kadhaa, chukudu, yaani chombo chetu cha mti cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Nyumba ya kutikiswa iko katikati, na inahitaji mwalimu anayewajua watoto wake vizuri. Sababu zangu ni hizi.

Mashua

Kila kundi linapewa kipande cha karatasi ya aluminiamu ya jikoni, mraba wa sentimita 15, na kazi ya kukikunja kiwe chombo kitakachobeba mzigo mkubwa iwezekanavyo juu ya maji ya beseni. Roli moja yenye upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 10 inatoa vipande zaidi ya 130, kwa hiyo kundi likiharibu cha kwanza linapewa cha pili bila mtu kununa. Mabeseni watoto wanayaleta kutoka nyumbani. Jaribio ni la dakika moja. Kwa kipimo changu cha kurudia, hakuna zoezi linaloifikia mashua. Nimeona makundi yakijenga mara nne katika kikao kimoja.

Uzuri wake mwingine ni kwamba jibu halionekani kwa macho. Watoto wengi huanza na kingo fupi sana ili sakafu iwe pana, au kingo ndefu sana kwa kuogopa maji yasiingie. Hesabu inasema hivi. Ukikunja kingo za sentimita 1, sakafu inabaki 13 kwa 13, na chombo kina ujazo wa mililita 169. Ukikunja za sentimita 4, sakafu inabaki 7 kwa 7, ujazo mililita 196. Ukikunja za sentimita 2 na nusu, sakafu ni 10 kwa 10 na ujazo unafika mililita 250. Chombo huelea mpaka maji kilichoyasukuma yalingane kwa uzito na chombo chenyewe pamoja na mzigo wake, kwa hiyo ujazo ule ndio kikomo cha gramu zake. Mwalimu asiwaambie. Awaache makundi yaandike ubaoni urefu wa kingo na gramu zilizobebwa, na baada ya duru mbili watoto watauona mlima wenyewe: unapanda, unafika kilele, unashuka. Darasa la sita wanaweza kupiga hesabu kwa kuzidisha tu. Darasa la kwanza inatosha waseme "ndefu kidogo ni nzuri, ndefu sana si nzuri".

Kwa mzigo wa mashua usimimine maji ndani. Funga mililita 20 katika vifuko vidogo vya plastiki, kila kimoja fundo lake. Watoto wavipange wanavyotaka, na hapo ndipo somo la pili linapoanza, ambalo maelekezo ya ng'ambo hulipita mbio. Mashua nyingi hazizami kwa uzito, zinapinduka. Mzigo umewekwa upande mmoja, au umerundikwa juu, kingo inainama, maji yanaingia. Muulize mtoto: "Mwanangu, imeingia maji upande gani?" Akijibu, ameanza kufikiri kama fundi.

Hapa kwetu swali hilo si la mchezo. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kikiwa kimejaa abiria na mizigo kilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiwa ufukweni wanaona, na wengi wakafa. Katika darasa la Goma unaweza kuwa na mtoto aliyepoteza mama au shangazi siku ile. Mwalimu aulizie kwanza, kwa upole, na asicheke wala kuacha watoto washangilie mashua inapozama. Lakini mimi sioni kwamba msiba huo ni sababu ya kuliacha zoezi. Naona ni sababu ya kulifanya kwa ukamilifu wake. Baada ya duru ya kwanza, kila kundi lichore mstari kwenye ubavu wa mashua yake: maji yakifika hapa, hakuna mzigo mwingine unaoingia. Uingereza iliweka alama ya namna hiyo kwenye meli za biashara kwa sheria ya mwaka 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupigania mabaharia waliokuwa wakipakiwa kwenye meli zilizojaa kupita kiasi. Mtoto aliyeuchora mstari ule kwa biki yake mwenyewe, akaona mashua ikipinduka pale ulipopuuzwa, atakuwa na neno la kusema siku atakapopanda chombo na mzazi wake.

Halafu wapelekeni watoto, au waambieni wakumbuke, mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, hutoka jioni na taa zake. Kwa nini mitatu? Upana huo ndio unaoizuia isipinduke huku nyavu zikivutwa. Kundi moja nililokuwa nalo lilikata aluminiamu yake vipande vitatu baada ya kuzungumza jambo hilo. Ilibeba kidogo kuliko ya jirani, lakini haikupinduka hata mzigo ulipowekwa pembeni.

Kasoro ya mashua ni maji darasani. Sakafu inalowa, madaftari yanalowa. Fanyeni uani, na kama shule iko sehemu za chini zinazojulikana kuwa na mazuku, ile gesi ya kuua inayotoka ardhini, msikae kwenye mabonde yake. Gesi ile ni nzito kuliko hewa na hutulia chini, kwenye kimo cha mtoto aliyechuchumaa.

Daraja la karatasi

Hili ndilo la bure kabisa. Karatasi moja ya daftari kubwa au ya A4, vitabu viwili vilivyoachana sentimita 20, na amri: karatasi ibebe mzigo bila gundi na bila kitu kingine. Ikilazwa bapa inajikunja kwa uzito wake yenyewe. Ikikunjwa mikunjo kama bati, inabeba kikombe chenye maji. Watoto hushangaa kwelikweli, na jaribio la pili linafuata lenyewe bila mwalimu kusukuma.

Sababu inaelezeka kwa kitu ambacho kila mtoto wa nyumba ya mbao anaweza kukiona akiinua macho. Seremala akipaua nyumba, mbao za kubeba bati huzisimamisha kwa ubavu, hazilazi. Ubao wa sentimita 2 kwa 10 uliosimamishwa kwa ubavu ni mgumu kupinda mara 25 kuliko ubao huohuo ukilazwa. Mikunjo ya karatasi inafanya kazi hiyohiyo: inainua karatasi isimame kwa ubavu mara nyingi.

Ukilinganisha na mashua, daraja linashinda kwa gharama, kwa usafi, na kwa sababu unaweza kuweka sehemu za kujaribia kumi na mbili. Kila kundi linajaribia palepale lilipo. Hakuna foleni hata kidogo. Linashindwa kwa jambo moja: jibu zuri ni moja, na mtoto mmoja akiligundua, darasa zima linaliiga kwa kuchungulia. Baada ya nusu saa meza zote zina mikunjo ileile. Dawa yake ni kubadilisha sharti kwenye duru ya pili. Sogeza vitabu viwe mbali sentimita 25. Au sema mzigo lazima uning'inie chini katikati, katika chupa iliyokatwa na kufungwa kwa uzi, umiminiwe maji kwa sindano mpaka daraja lianguke. Hapo mikunjo peke yake haitoshi, maana uzi unaikata karatasi, na watoto wanalazimika kufikiria namna ya kuutandaza mzigo.

Nalipenda kwa darasa la tatu na la nne. Watoto wa darasa la kwanza vidole vyao bado havikunji mikunjo iliyo sawa, wanachoka, wanalia. Kwao mashua ni rahisi zaidi.

Nyumba ya kutikiswa

Kwenye intaneti zoezi linalosifiwa kuliko yote ni mnara wa tambi: vijiti 20 vya spageti mbichi, uzi, utepe wa gundi, dakika 18, na juu kabisa kipande cha peremende laini. Peter Skillman ndiye aliyelibuni, na lina mafunzo ya kweli ndani yake. Watoto wa chekechea wameonekana kufanya vizuri kuliko wanafunzi wa biashara wa chuo kikuu kwa sababu wanajaribu mapema na mara nyingi. Lakini mimi silileti darasani Goma. Kuna watoto wanaokuja shuleni bila kula, na kuna waliotoka kambini. Kuvunjavunja chakula mbele yao kwa ajili ya mchezo ni jambo ambalo bibi yeyote wa hapa angelikataza, na angekuwa na haki. Hali ni hiyohiyo kwa lile la kudondosha yai kutoka ghorofani. Chukua vijiti vya mishikaki au mabua makavu, na ufunge kwa uzi au mpira.

Badala ya kupima urefu, pima kutikisika. Weka ubao au kifuniko cha katoni ngumu juu ya kalamu za risasi za mviringo zilizolazwa, au juu ya gololi, na usukume huku na huku sentimita 5 kwa kufuata makofi ya darasa. Makofi ishirini, nyumba isimame. Juu yake weka kichupa cha mililita 100 za maji kuwa paa. Watoto wataona mambo mawili haraka. Fremu ya mraba yenye vijiti vinne inalala upande kama mlevi, lakini ukiongeza kijiti kimoja cha mshazari inakuwa pembetatu mbili na inakaza. Pili, uzito ukiwa juu, nyumba inaanguka mapema. Hapo zungumzeni nyumba zetu za mbao zilizokaa juu ya mawe ya lava, kwa nini ni nyepesi, na kwa nini zinayumba bila kubomoka.

Ukilinganisha na daraja, nyumba ina majibu mengi zaidi, na kuigana si rahisi. Ukilinganisha na mashua, ni polepole: kufunga viungo kwa uzi kunawachukua watoto dakika nyingi, na kitu kilichoanguka hakijengwi upya kwa dakika tano. Ukiwa na saa moja tu, jaribio la pili litakuponyoka. Panga vikao viwili.

Lakini uzito wa zoezi hili hauko kwenye vijiti. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na mitetemeko iliyofuata iliendelea kwa siku kadhaa, kuta zikapasuka, na tarehe 27 Mei watu wa mitaa mingi waliambiwa wahame, wengine wakatembea kwa miguu mpaka Sake. Wapo watoto wa madarasa ya juu wanaoikumbuka ardhi ikitetemeka huku wamebebwa mgongoni. Mwalimu anayewajua wanafunzi wake ataona ni nani anayenyamaza ubao unapoanza kusukumwa. Huyo mpe kazi ya kusukuma yeye mwenyewe. Nimeona inasaidia, mtoto anayeushika mtikisiko kwa mkono wake na kuusimamisha anapotaka hubadilika sura. Ila asilazimishwe. Mwalimu mgeni, aliyekuja shuleni kwa siku moja, bora achague daraja.

Chukudu

Sasa nafika kwenye lile ambalo kama ningekuwa na darasa la watoto thelathini na mwezi mzima, ningefanya hilo peke yake. Jiji hili lina sanamu ya chukudu katikati ya mzunguko wa barabara. Kila mtoto ameiona ya kweli ikishuka na viazi, makala (makaa) au mbao, mamia ya kilo juu ya magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa mpira wa gari kuukuu, na dereva akikanyaga kipande cha mpira nyuma kufunga breki. Hiyo ni kazi ya uhandisi iliyofanywa na watu wa hapa kwa vitu vya hapa, ikarekebishwa na mafundi mmoja baada ya mwingine mpaka ikafaa. Mtoto anapoambiwa ajenge chukudu ndogo, haanzi na kitu cha kitabuni. Anaanza na kitu ambacho tayari ana maoni nacho.

Kazi ni hii: chombo chenye urefu usiozidi sentimita 40, kibebe chupa ya nusu lita iliyojaa maji, kishuke kwenye ubao ulioinuliwa sentimita 20 upande mmoja, na kiende mbali iwezekanavyo kwenye sakafu. Ukitaka cha magurudumu mawili kama chenyewe, kitaanguka, kwa sababu chukudu ya kweli inashikwa na mtu. Ruhusu gurudumu la tatu au la nne, wala usione kuwa umeiharibu. Magurudumu hukatwa kutoka soli za sandali zilizochakaa. Ekseli ni kijiti cha mshikaki au msumari mrefu. Na siri moja ambayo watoto huigundua wakipewa muda: mrija wa biki iliyokwisha wino, ukikatwa na kufungwa chini ya ubao, ni njia nzuri ya ekseli kuzungukia. Ekseli ikipitishwa kwenye tundu la katoni inasugua na kukwama. Ndani ya mrija inateleza. Nta ya mshumaa ikipakwa, inateleza zaidi.

Makosa yake ni ya kufundisha kuliko ya zoezi lolote. Tundu la gurudumu halikuwa katikati, chombo kinachechemea. Ekseli mbili haziko sambamba, chombo kinakata kona na kugonga ukuta. Mzigo umewekwa nyuma sana, mbele kunainuka. Kila kosa linaonekana, lina sababu moja, na linarekebishika. Mtoto halazimiki kubomoa yote. Anabadilisha gurudumu, anarudi kwenye ubao. Katika daraja la karatasi, kilichoanguka kimekwisha, unachukua karatasi nyingine. Katika chukudu, kilichoshindwa kinaboreshwa kikiwa kilekile, na hiyo ndiyo kazi halisi ya fundi.

Kwa nini basi silipi nafasi ya kwanza kwa kila shule? Kwa sababu linahitaji visu, misumari na nyundo, na mtu mzima mmoja hawezi kusimamia watoto 60 wenye visu. Soli zikatwe mapema, na fundi wa viatu au seremala wa mtaani. Linakula vikao vitatu au vinne. Na lina hatari nyingine ambayo haisemwi: wavulana huchukua nyundo na wasichana huachiwa daftari la kuandika vipimo. Hili nimeliona mara nyingi, na halijirekebishi lenyewe. Weka zamu, iandikwe ubaoni: leo huyu anakata, yule anapima, kesho wanabadilishana. Kwenye mashua na daraja tatizo hilo ni dogo, kwa kuwa hakuna chombo cha kugombania.

Mwalimu wa Bukavu, ambaye mji wake wote ni miteremko, anaweza kulifanya hili vizuri kuliko sisi. Na kama mtaani kuna fundi wa chukudu, mwalikeni aje siku ya mwisho aangalie. Maswali yake kwa watoto yatakuwa bora kuliko yangu.

Chujio la maji

Hili watu huniuliza sana, na naelewa kwa nini. Tunaishi kando ya ziwa kubwa na bado watoto wanabeba bidoni za njano kila asubuhi. Chupa iliyokatwa, mchanga, kokoto, makala yaliyosagwa, maji ya tope yanaingia juu, yanatoka chini yakiwa meupe. Vifaa ni bure, na watoto wanaweza kubadilisha mpangilio wa tabaka na kupima muda.

Lakini maji meupe si maji salama. Chujio la namna hiyo linazuia tope, halizuii vijidudu vya kipindupindu, na mji huu unaijua kolera vizuri mno. Mwaka 1994 iliua maelfu ya wakimbizi hapahapa na pembezoni. Mtoto wa miaka minane aliyejenga kitu akakiona kikifanya kazi atataka kunywa, au ataenda kumwonyesha mdogo wake nyumbani. Maji ya kunywa ni ya kuchemsha au ya klorini, na zoezi hili linaweza kulibomoa fundisho hilo ambalo wahudumu wa afya wamelihangaikia kwa miaka. Kwa darasa la sita, na mwalimu mkali, maji yakitiwa rangi ya chai ya majani ili wajue ni ya majaribio, na machujio yote yavunjwe kabla ya kengele, sawa. Kwa wadogo, hapana.

Kuna na lile la kutengeneza volkano kwa soda ya kuokea na siki. Silipingi, watoto hulifurahia. Ila hakuna anayebuni chochote ndani yake, kila mtu anafuata maelekezo yaleyale na kupata povu lilelile, kwa hiyo halimo kwenye ulinganisho huu. Seti za roboti zinazouzwa nje pia naziacha: bei ni kubwa, umeme hauna uhakika, na seti moja kwa watoto 60 maana yake watoto 55 wanatazama.

Kuhusu zawadi

Zoezi lolote utakalochagua, amua mapema utampongeza nani. Ukimpongeza aliyebeba gramu nyingi, duru ya pili inakosa maana kwa waliobaki nyuma, na aliye mbele anaogopa kubadilisha chochote. Mimi huandika namba mbili ubaoni kwa kila kundi, ya jaribio la kwanza na ya la mwisho, na ninayoitazama ni tofauti kati yao. Kundi lililotoka gramu 40 likafika 160 limefanya kazi kubwa kuliko lililoanza na 200 likabaki na 200, na hilo ndilo linalosimama mbele ya darasa kueleza lilibadilisha nini.